Tulivyompelekea Bibi Habari ya Mumewe

Nilirudi Plano Jumapili, na tangu hapo mmeniuliza mmoja mmoja, "Houston kulikuwaje?" Nimewajibu nyote kwamba kulikuwa kuzuri, kwa sababu jambo lile halielezeki mtu akiwa amesimama na kikombe cha kahawa ofisini. Naliandika mara moja hapa, mlisome kwa wakati wenu, kisha tusiliongelee kwenye lifti.

Kwa wasiomjua: bibi yangu mzaa mama, Bi Salma, anaishi Sharpstown, mtaa wa Houston, na mama yangu mdogo, Zuhura. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule Unguja, jina lake Nassor. Miaka michache baada ya mapinduzi walikuja watu wawili nyumbani, wakasema Mwalimu anaitwa mara moja tu. Hakurudi. Hakuna ofisi iliyosema amekufa, wala iliyosema yu hai. Bibi alikuwa na miaka ishirini na moja, mama yangu anatambaa, Zuhura yumo tumboni. Akawa anapeleka chakula kwenye lango la jela. Chakula kikawa kinapokelewa, kapu likirudi tupu, naye akajua mumewe anakula. Aliendelea hivyo mpaka alipofukuzwa langoni.

Kila mwanamume aliyekuja kumposa baadaye alijibiwa maneno manne: mimi mke wa mtu. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Hakukaa eda, ile miezi minne na siku kumi anayokaa mjane ndani, kwa sababu eda hukaliwa na aliyefiwa, naye hakuna aliyemwambia amefiwa.

Sasa nilikuwa nimempata mtu wa kumwambia.

Plano hadi Fort Worth

Mtu huyo ni Mzee Makame, na anaishi Fort Worth kwa binti yake, Mwanaidi, ambaye ni muuguzi. Nilikutana naye kwenye hitima ya mama mmoja wa Kizanzibari kule Arlington. Aliniuliza kama wazee wote wanavyouliza, "Wewe wa kina nani?" Nikamtajia bibi, nikamtajia babu. Akaweka sahani ya pilau chini. Akasema, "Mwalimu Nassor nilimfungia mlango mimi."

Alikuwa askari wa jela. Alikuwa na miaka ishirini, hajui hata kama aliajiriwa au alichaguliwa.

Mnanijua. Nilimwuliza maswali pale pale: mwaka gani, jela gani, nani mwingine alikuwepo. Alijibu moja tu. "Amekufa, mwanangu. Yaliyobaki ni ya mkewe. Nikikwambia wewe kwanza nitakuwa nimeipitisha habari dirishani."

Nikamwambia basi tumpigie simu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia tuvue nguo. Habari ya kifo haipelekwi kwa simu, mtu huiendea akakaa mbele ya mwenyewe. Mama yangu, ambaye yuko Maskati, alikuwa na wazo la tatu: "Usimpeleke kabisa, Sabra. Ameishi kwa kusubiri. Ukishamwondolea hilo, ataishi na nini?" Zuhura ndiye aliyekata shauri. "Mlete," alisema. "Mimi nitamwandaa mama." Yeye ndiye mtoto ambaye baba yake hakumwona, nikaona ana haki kuliko sisi wote.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwanaidi. Mzee Makame alishavaa: kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kofia ya kiua, koti la suti juu. Mkononi ana boksi la tende na kichupa cha udi.

"Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu," alisema.

Mwanaidi alinivuta kando. "Dawa zake hizi, za saa sita na saa kumi na mbili. Na akikwambia anataka kushuka njiani, usimsikilize. Wiki nzima hajalala."

Fort Worth hadi Corsicana

Kwenye barabara ya 287 lori lilikuwa limelala ubavu na kumwaga mbao njia zote mbili. Tulikaa hapo saa nzima na robo. Nikaona huo ndio wakati wangu.

Niseme wazi nilivyokuwa nafikiri. Chuo kikuu nilikuwa na fulana yenye uso wa mwanamapinduzi, na niliivaa kwa moyo wote. Nikisikia Wazanzibari wa Houston wanavyousifu usultani, husema moyoni kwamba hawa nao wanasahau nani alikuwa anachuma karafuu na nani alikuwa anauza. Baba wa baba yangu alipewa eka tatu na serikali ile ile iliyomchukua baba wa mama yangu. Alisomesha watoto saba kwa eka hizo. Watu wanabishana mpaka leo kama yule mkubwa wa serikali hiyo alikuwa mkomunisti hasa au alikuwa mbabe tu aliyeazima msamiati wa wakomunisti. Mimi najua kwamba babu yangu mmoja alipewa shamba, mwingine hakupewa hata kaburi, na mkono uliotoa na ulionyima ni mmoja.

Nikamwuliza Mzee Makame kama yeye aliyaamini.

"Mambo gani?"

"Usawa. Ukomredi. Yale mliyoambiwa."

"Niliamini sana," alisema. "Walikuja wazungu wa Ujerumani ya Mashariki kutufundisha kazi. Wastaarabu, hawapigi kelele. Walitufundisha kuandika ripoti. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi ya mtu mwingine, na mimi nimevaa buti. Wewe usingeamini?"

Nilitaka kusema hapana, nikakumbuka fulana.

"Watu walikuwa wanapotea, Mzee."

"Walikuwa wanapotea, na foleni ya unga ilikuwa ndefu, na mtu akilalamika foleni anapotea naye." Alitazama mbao barabarani. "Mimi sijaja kujitetea. Endesha, polisi wanatuita."

Corsicana

Tulisimama kula kwenye duka dogo la donati lililo peke yake kando ya barabara. Mzee Makame aliona mikate yenye soseji ndani, akataka kujua kama ni nguruwe. Mwenye duka, mama mfupi wa miaka sabini hivi, mwenye aproni ya maua, akasema moja ni ng'ombe na nyingine zote ni nguruwe, lakini hakumbuki ile moja ni ipi. Tukachukua donati tupu.

Alikuwa Mkambodia. Niliwahi kusikia kwamba maduka mengi ya donati Texas ni yao, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini walifika huku. Alituletea chai ambayo hatukuiagiza, akaniuliza huyu babu amevaa hivi anakwenda harusini?

Nikamwambia ukweli. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hatutaonana tena. Nikasema tunampelekea bibi yangu habari ya mume aliyepotea wakati wa serikali ya wakomredi.

Alifuta kaunta. Akasema yeye alipoteza kaka wawili, dada mmoja, na mama, kwa miaka minne ya wakomredi wa kwao, na hana tarehe hata moja. "Kwetu kuna siku za kuwalisha wafu," alisema. "Wenzangu wenye tarehe wanawalisha kila mtu siku yake. Mimi nawapikia wote pamoja, sufuria kubwa."

"Amesema nini?" Mzee Makame aliuliza. Nikamtafsiria.

"Muulize, akikutana na mmoja wa wale askari atamfanya nini?"

Niliuliza, ingawa nilijua nakosea. Yule mama alimtazama Mzee Makame, kanzu, kofia, na donati iliyoumwa upande mmoja. Nadhani alielewa. Alisema, "Nitamwuliza tarehe."

Mzee Makame aliifunga donati yake kwenye karatasi. Hakuila tena.

Corsicana hadi Huntsville

Kutoka hapo njia ni I-45 moja kwa moja kusini, misonobari na mabango ya mawakili. Mzee alisinzia, akaamka, akasema yale Mwanaidi aliyonionya.

"Nishushe."

"Wapi, Mzee? Hapa ni porini."

"Popote. Mwanangu atakuja kunichukua."

"Mwanao yuko kazini Fort Worth. Shika dawa yako, saa sita imepita."

Akaimeza. Baada ya dakika kadhaa akaanza kunilaumu kwamba naendesha kama ambulansi, nikajua tumevuka hapo.

Huntsville ni mji wa jela. Kandokando ya barabara kulikuwa na wafungwa wanakata nyasi, mavazi meupe kuanzia shati hadi suruali, na mlinzi mmoja juu ya farasi. Nilipunguza mwendo kwa sababu ya koni za rangi ya chungwa. Nikasikia Mzee Makame anahesabu chini kwa chini.

"Kumi na mmoja," alisema. Kisha akahesabu tena kupitia kioo cha nyuma tulipokwisha kuwapita. "Kumi na mmoja."

Nilimwuliza kwa nini amehesabu.

"Nahesabu watu popote. Msikitini nahesabu. Kwenye arusi ya Mwanaidi nilihesabu wageni mara tatu. Walitufundisha: asubuhi unahesabu, jioni unahesabu, na hesabu ya jioni ikipungua, unaandika kwa nini." Tulipoipita sanamu kubwa nyeupe iliyoko kando ya barabara, aliongeza, "Kwa Mwalimu tuliandika 'kahamishwa'."

Hilo ndilo neno pekee alilonipa kabla ya Houston. Niliendesha maili sabini nikilitafuna. Bado nilikuwa na wasiwasi wangu wa kawaida. Mzee huyu ana karibu miaka themanini. Huenda anamchanganya babu na mfungwa mwingine. Huenda anatafuta mtu wa kumtua mzigo, na bibi yangu ndiye aliye karibu. Ushahidi nilionao ni wa mtu mmoja, naye ndiye mshitakiwa.

Sharpstown

Houston ilitukamata saa ya watu kutoka kazini. Tulifika saa kumi na moja kasoro, na Zuhura alikuwa chini kwenye maegesho ya ghorofa, buibui juu ya sare za kazi.

"Mmekawia! Ume-text saa tano kwamba mko njiani!"

"Lori lilianguka. Umemwandaa?"

Alitazama pembeni. "Nimemwambia mgeni anakuja."

"Mgeni gani?"

"Sabra, nilishindwa. Nilianza mara tatu. Nikamwambia kuna mzee kutoka Fort Worth anataka kuzungumza naye, jambo la heshima. Basi."

Niliingia ndani nikaelewa mara moja. Udi unafuka. Halua kwenye sahani za kioo, birika la kahawa, vikombe vidogo sita. Bibi amevaa kanga mpya, wanja machoni. Mjukuu wa kike hajaolewa, ana miaka ishirini na minane, anakuja na mzee aliyevaa kanzu, kabeba tende na udi. Mtu yeyote wa kwetu angefikiri lile alilofikiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Kaa, bwana, hapo kwenye kiti kikubwa." Akapokea boksi la tende kwa mikono miwili, akanikonyeza. "Na huyo kijana mwenyewe yuko wapi? Anaogopa?"

"Kijana gani?" aliuliza Mzee Makame.

"Huyo anayemtaka huyu. Mimi nilishakata tamaa. Kila nikimwuliza, ananiambia anasoma. Haya kamaliza kusoma, anafikiri. Miaka sita anafikiri! Mpeni tu huyo kijana, sitaki hata kujua ana kazi gani."

Zuhura alikuwa amejishika mdomo. Nilitaka kucheka na sikuweza. Mzee Makame alishuka kwenye kiti kikubwa, polepole, mkono mmoja kwenye goti, akaketi kwenye zulia.

"Bi Salma, sikuja kuposa. Mimi naitwa Makame. Nilikuwa askari wa jela. Nimekuja kwa habari ya mumeo."

Bibi aliliweka boksi mezani. Akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na digrii zangu, nisingelifikiria.

"Alikuwa analala vipi?"

"Alikuwa halali chini," alisema Mzee Makame. "Alikuwa anaketi, mgongo ukutani. Kifua kilikuwa kinambana."

"Pumu," alisema bibi, na sauti yake ikabadilika. "Sema."

Alisema. Nayaandika kama alivyoyasema, bila ya kukata.

"Ilikuwa asubuhi ya Idi kubwa. Bwana jela amekwenda kuswali. Amri yetu ni kwamba mlango wa seli unafunguliwa na watu wawili, askari na bwana jela. Ukiufungua peke yako, unaingia wewe. Mwalimu akaanza kugonga. Hakugonga kwa fujo. Alikuwa anagonga mara tatu, anapumzika. Akaniita kwa jina, akasema, 'Makame, nitoe nje nipate hewa.' Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, 'Subiri, Mwalimu, bwana jela anakuja.' Nilimwambia hivyo mpaka akaacha kugonga. Bwana jela alipokuja alikuwa ashanyamaza."

Nje watoto wa ghorofa walikuwa wanacheza mpira kwenye maegesho. Zuhura aliinuka akafunga dirisha.

"Alioshwa?" aliuliza bibi.

"Hakuoshwa. Tulichimba wawili, mimi na mwenzangu, nyuma ya ukuta. Sasa pamejengwa."

"Mlimlaza ubavu gani?"

"Wa kulia. Nilimgeuza mimi, uso kibla. Mwenzangu alinicheka."

Siwezi kuwathibitishia hilo. Nilimtazama usoni nikitafuta kama anasema kweli au anampa mjane kitu cha kushika. Sikuona lolote.

"Idi kubwa ya mwaka ule ule aliochukuliwa?" bibi alisema.

"Ule ule. Alikaa nasi miezi miwili tu."

"Lakini mimi nilileta chakula zaidi ya mwaka. Nilipanga foleni ya unga tangu alfajiri nikaleta mkate. Kapu likarudi tupu."

Mzee Makame aliinamisha kichwa. "Tulikuwa tunapokea," alisema.

"Mnakula."

"Tunakula. Tuliambiwa tusikatae, ukikataa watu watajua."

Zuhura alisema neno ambalo sitaliandika. Bibi alimwinulia kiganja anyamaze. Alikuwa anahesabu kwa vidole miezi ya Kiislamu, kuanzia ule wa Idi kubwa, midomo inatembea. Mfungo Tatu. Mfungo Nne. Mfungo Tano. Akafika kidole cha nne akakishika.

"Nilikuzaa Mfungo Sita," alimwambia Zuhura. "Mwezi wa maulidi. Mjane mwenye mimba eda yake inaisha akizaa. Basi yangu iliisha siku ile, na mimi nalala kitandani sijui kama ilianza."

"Mama," alisema Zuhura.

"Hata kulia kwangu muda wake ulipita. Wamenipa eda, wakaimaliza, hawakunambia." Aliyasema bila ya kupandisha sauti. Kisha akalia, na sijawahi kumsikia bibi yangu akilia. Sisi wawili tulimshika. Mzee Makame alibaki kwenye zulia, mikono juu ya mapaja, hasogei.

Bibi alipoweza kusema tena, Mzee alimwambia, "Bi Salma, nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusikia."

"Naomba unisamehe."

"Mlango ulimfungia yeye, si mimi. Hilo mtakutana naye mkaulizane. La mkate ni langu, na leo sina jibu. Usinihimize." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Umetawadha?"

"Nnao udhu."

"Mume wangu hajaswaliwa. Humu ndani mwanamume ni wewe peke yako. Simama mbele."

Nilitegemea atakataa. Zuhura naye alitegemea, nilimwona. Mzee alishika ukingo wa kiti akajiinua, akauliza kibla, Zuhura akamwonyesha upande wa jokofu. Sisi watatu tukapanga safu nyuma yake. Mnajua mimi na swala tuna ugomvi wa miaka, lakini nilisimama, na sitaki kuulizwa kwa nini.

Aliinua mikono, akaishusha. Akageuka.

"Namswalia Mwalimu Nassor," alisema, "lakini baba yake simjui. Kwetu alikuwa namba kumi na saba. Bin nani?"

Bibi alinyoosha kanga yake, akasimama wima.

"Bin Seif," alisema. "Nassor bin Seif bin Hamad. Haya, anza."